Gesi ya puani na sindano ya mshipa kwa daktari wa meno: uzoefu wangu Mombasa

Harufu ya karafuu kwenye pilau naipenda. Harufu hiyohiyo mlangoni mwa daktari wa meno hunitoa jasho viganjani. Nimekuja kujua kwamba si mawazo yangu tu: mafuta ya karafuu yamo kwenye dawa wanayozibia jino kwa muda, ndiyo maana kliniki nyingi za meno hunukia vile.

Nilikuwa na miaka 12 nilipopelekwa kung'olewa gego lililojaa usaha. Nilidungwa ganzi, na kabla ufizi haujafa sawasawa koleo likaingia. Nilipiga ukelele. Nesi akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia mtoto mkubwa halii. Uchungu wenyewe uliisha siku ileile. Kilichobaki ni kule kusema nasikia uchungu na asiwepo wa kunisikiliza.

Kwa hiyo gego langu la chini kushoto lilipotoboka nikiwa mtu mzima, nililibembeleza kwa karafuu na dawa za maumivu miezi 14. Nikawa natafuna upande mmoja. Ramadhani nzima nilifuturu kwa uji. Kaimati zenye shira niliziangalia tu.

Wifi yangu anayekaa Tudor ndiye aliyepiga simu kliniki moja ya hukohuko, maana mimi mwenyewe nilishapiga mara mbili nikakata. Alianza na hofu kabla ya jino: "Wifi yangu anaogopa sana, mna dawa ya kumtuliza?" Mwenye hofu kama yangu naomba aanze hivyo hivyo. Nilipangiwa siku ya mazungumzo tu, bila kuguswa kinywa.

Daktari, mwanamke wa rika langu, hakunipandisha kwenye kile kiti chao. Alinivutia kiti cha kawaida, akauliza, "Dada, unaogopa nini hasa? Sindano, mlio wa mashine, au kuhisi umebanwa?" Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu. Nikamwambia naogopa kusema naumia nisisikilizwe. Akaandika.

Kisha akanieleza jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya. Ganzi na dawa ya kutuliza ni vitu viwili. Ganzi huua uchungu pale penye jino. Dawa ya kutuliza hushusha hofu, na jino la kung'olewa bado litataka ganzi yake. Wengi tunakwenda tukidhani gesi itatuepusha na sindano, halafu tukiiona sindano tunahisi tumedanganywa. Hata lile gego la utotoni alinifafanulia: penye usaha nyama huwa na asidi, na ganzi hufanya kazi kwa shida. Ilitakiwa ingojwe, iongezwe, au usaha utolewe kwanza. Nililia pale pale, na hakunikatiza.

Alinitajia kidonge kinachomezwa kama saa moja kabla, gesi ya puani, dawa ya kupitia mshipa, na mwisho nusukaputi yenyewe, ambayo ni ya hospitali yenye mtaalamu wa usingizi. Akaniuliza kama nina mimba, kama nina pumu, kama usiku nakoroma hadi pumzi inakatika, dawa gani ninazomeza, pombe, miraa. Semeni ukweli hapo, hata kama mmekaa na mama mkwe. Miraa huukimbiza moyo, na ganzi nyingi za meno zina adrenalini ndani, nayo huukimbiza vilevile.

Nilichagua gesi, ile wanayoiita gesi ya kucheka, nitrasi oksidi. Si kitu kigeni kwenye meno: mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, aliivuta akang'olewa jino lake mwenyewe. Barakoa ni ndogo na hukaa puani tu, mdomo unabaki wazi. Mwanzo unavuta oksijeni tupu, kisha gesi inaongezwa kidogo kidogo huku wakikuuliza unavyojisikia. Baada ya dakika chache vidole vya miguu vilianza kunitekenya, mabega yakashuka yenyewe. Kwenye dari, karibu na feni, palikuwa na mjusi kafiri. Nilimtazama kana kwamba sina kazi nyingine duniani. Mlio wa mashine niliusikia, ila kama jenereta ya jirani wa nyumba ya tatu. Ufizi ulipakwa dawa ya ganzi kwanza, ndipo sindano ikaja, na niliihisi kama kubonyezwa.

Sikulala, na nilijibu kila nililoulizwa. Tulikuwa tumeagana kwamba nikiinua mkono wa kushoto anaacha. Niliuinua mara moja, kupima tu kama kweli. Akatoa vyombo mdomoni, akangoja. Nusu ya hofu yangu iliishia hapo, na sidhani kama ni gesi iliyoimaliza.

Mwisho nilivutishwa oksijeni tupu dakika tano, nikaketi robo saa nyingine, wakanipima presha, nikapanda matatu hadi feri kurudi Likoni peke yangu. Kichefuchefu kidogo, basi. Gesi ililipiwa kando na bima yangu haikuigusa, lakini nilitajiwa bei mapema, sina kinyongo.

Lalamiko langu ni la ziara ya pili. Nilikwenda na mafua. Gesi inaingia kwa pua, na pua ikiziba haina njia. Nilivuta na kuvuta, hofu ikabaki palepale, ikabidi tuahirishe. Walipaswa kuniuliza kwa simu siku moja kabla. Nilipoteza nauli na siku nzima ya kazi, na ujasiri niliokuwa nimeukusanya wiki mbili ukamwagika. Niliwaambia, wakakiri kosa.

Gego la mwisho, lililolala ndani ya mfupa, ndilo lililohitaji dawa ya mshipa, midazolamu. Hapo masharti yanabadilika. Chakula nililazimika kuacha kwa muda wa saa sita kabla ya matibabu, na maji kwa muda wa saa mbili, na bila mtu mzima wa kunirudisha nyumbani wasingenigusa. Mume wangu akaomba ruhusa kazini. Nakumbuka sindano mgongoni mwa mkono na kile kibanio cha kupima oksijeni kidoleni. Kinachofuata ninachokumbuka ni tuktuk. Katikati hapo nimeambiwa nilifungua mdomo nilipoambiwa na nilijibu maswali, lakini kwangu ni kurasa zilizochanwa. Mume wangu anasema nilimuuliza ufunguo uko wapi mara nne njiani. Kuna watu wanaoshukuru kusahau hivyo. Mimi nilisumbuka, nisingeirudia kwa jino la kuzibwa tu. Siku ile na usiku wake sikuruhusiwa jiko, gari wala kutia saini karatasi yoyote.

Ukipendekezewa dawa ya mshipa, uliza bila haya: nani atakuwa ananitazama pumzi wakati daktari yuko kwenye jino? Mmeweka oksijeni karibu? Mnayo flumazenili, ile dawa ya kuirudisha midazolamu nyuma ikizidi? Mimi niliuliza, na nesi akafungua droo akanionyesha. Wakinuna kwa swali hilo, ondoka.

Na jamani, msijitulize nyumbani. Jirani yangu alipata diazepamu kwa mtu, akameza mbili juu ya dawa kali ya maumivu, akafika kwa daktari ulimi mzito na macho yanafumba. Daktari alikataa kumgusa, na alifanya vyema. Dawa hizo zikikutana zinaweza kuzima pumzi, na anayekutibu hajui umeshameza nini.

Jumamosi nampeleka binti yangu wa miaka 9 kuzibwa jino. Juzi nilipiga simu kliniki, nikamuuliza daktari kama nimwombee gesi. Akaniuliza, "Yeye mwenyewe anaogopa?" Nikamwita mtoto, nikampa simu ajibu.