Dodoso au daftari: mwalimu aanze na kipi kwa mtoto asiyetulia?

Dodoso la SDQ, la kupima tabia na hisia za mtoto, lina vipengele 25, kila kimoja alama 0 hadi 2. Ishirini vya matatizo hujumlishwa hadi 40. Vitano vilivyobaki huangalia wema wa mtoto kwa wenzake. Kwa darasa la Mbagala lililofurika, ni njia ya haraka. Ila alama hazisemi kwa nini, na mwalimu aliyekwishachoshwa na mtoto humpandishia bila kukusudia. Ndiyo maana mzazi naye ajaze la kwake.

Daftari la kuandika matukio ya mtoto linadai subira: siku kumi za shule, safu tatu. Kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. “Saa 4:10, wananakili ubaoni. Akainuka, akamsukuma jirani. Akatolewa nje.” Ikijirudia mara nne, utagundua anakwepa kunakili, na kumtoa nje ni kumpa anachokitafuta. Huenda haoni ubao! Msogeze mbele, mkatie kazi vipande vifupi, apimwe macho na masikio. Kinachoharibu daftari ni kuandika “mtukutu” mahali pa kitendo. Neno hilo huwezi kulihesabu.

Kwa mtoto mmoja msumbufu, daftari ni bora zaidi. Lakini aliyenyamaa ghafla humponyoka mwalimu, maana hamsumbui mtu. Huyo dodoso humnasa kwa vipengele vya hofu na huzuni.

Akitaja kujiumiza, weka vyote pembeni. Asiachwe peke yake, na siku hiyohiyo yeye na mlezi wake wafike hospitali. Muhimbili ina wataalamu wa afya ya akili.