Chama cha wastaafu: mkutano wa wajumbe au kura ya kila mwanachama?

Mjadala huu hurudi kila chama cha wastaafu cha kitaifa kinapoandaa mpango kazi na bajeti: nani aipitishe? Tangu 2018, mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilipounganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, wastaafu wengi wa umma Tanzania wana mlipaji mmoja, lakini wenyewe wametapakaa kuanzia Kigoma hadi Mtwara.

Kwa gharama, kura ya kila mwanachama, inayopigwa matawini, inashinda: hakuna nauli ya wajumbe kwenda Dodoma wala malazi. Ila karatasi na wasimamizi nao hula ada.

Kwenye bajeti ndipo wajumbe wanapofaa zaidi. Mjumbe anaweza kumbana mweka hazina, kudai hati za malipo na kurekebisha kifungu papo hapo. Kura ya ndiyo au hapana haina nafasi hiyo. Hatari ni mjumbe asiyerudi tawini kutoa taarifa, na hilo linaniuma, maana mzee aliyelipa ada ana haki ya kujua.

Kupandisha ada au kubadili katiba, ningewauliza wote, mradi daftari la wanachama liwe sahihi. Chama ambacho daftari lake bado lina majina ya marehemu kianze na wajumbe.