Mafuta ya Bastola kwa Mkazi wa Mwanza: Yapi Ununue Kwanza

Wamiliki wengi wa bastola wenye leseni hapa Mwanza hawafyatui risasi mara kwa mara. Mfanyabiashara wa dhahabu anayekwenda na kurudi Geita, au mwenye duka pale Makoroboi, anaivaa kiunoni mwaka mzima na pengine asifyatue hata moja. Kwa hiyo kinachokula chuma cha bastola yake si moshi wa baruti. Ni unyevu wa ziwa, na zaidi ya hapo jasho. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini jasho la kiunoni linayo. Ukinunua mafuta, uliza kwanza kama yanazuia kutu. Ulaini uje baadaye.

Kwa kigezo hicho naweka juu Ballistol, mafuta ya Kijerumani yaliyoanza mwaka 1904. Yana ualkali kidogo, hivyo yanapunguza makali ya asidi ya jasho, na yanafaa hata kwa ngozi ya ala na mbao za mpini. Harufu yake wengine hawaipendi. Sambamba nayo ni mafuta ya aina ya CLP, yanayosafisha, kulainisha na kulinda kwa pamoja. Break-Free ndiyo inayojulikana zaidi. Tatizo ni upatikanaji. Usitegemee kuyakuta duka la kawaida la vifaa; ulizia kwa muuza silaha mwenye leseni, na ujiandae kuagiza.

Namba mbili, na ndiyo ninayompendekezea mtu wa kawaida, ni mafuta ya cherehani. Chupa ndogo, bei nafuu, yapo popote panapouzwa cherehani na vipuri vyake. Ni mepesi, hayagandi, yanapenya bila shida kwenye reli za slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma. Udhaifu wake ni kwamba hayakai: yanatiririka na kukauka, na kinga yake dhidi ya kutu ni ya muda mfupi. Anayevaa bastola kila siku apake upya kila wiki. Asiyeweza nidhamu hiyo arudi namba moja. Bastola ya kufungiwa kwenye sefu miezi mitatu usiiachie mafuta haya.

Tatu, oili ya injini, ile ya sintetiki, mpya. Inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, maana imetengenezwa kuvumilia joto na msuguano. Chagua nyepesi, kama 5W-30. Ile nzito ya bodaboda inashika vumbi. Ila oili iliyokwisha kutumika isiguse silaha kabisa: ina asidi na chembe za chuma, na hata kwenye ngozi ya mikono yako haifai.

WD-40 naiweka nne, ingawa wengi wangeitaja kwanza. Ilibuniwa mwaka 1953 kufukuza maji, na kazi hiyo inaiweza. Mvua ya masika ikikulowesha, nyunyiza, futa mpaka pakauke, kisha paka mafuta halisi. Ukiishia kwenye WD-40 pekee umefanya nusu ya kazi.

Grisi ni ya tone dogo tu kwenye reli za bastola ya chuma kitupu. Mafuta ya alizeti au ya nazi, hapana. Ya alizeti yanageuka gundi ndani ya mashine, na ya nazi yanaganda kukiwa na baridi.

Kwa masizi ya mtutu, mafuta ya taa yanatosha ukifuta vizuri baadaye. Mabaki ya shaba ya risasi ndiyo yanayohitaji dawa yake maalumu ya kuondoa shaba. Kabla ya yote toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho na uiguse kwa kidole, na risasi ziwe chumba kingine. Mafuta yanayopenya yakifika kwenye fataki ya risasi, ile sehemu ya kitako inayowasha baruti, yanaweza kuiua. Na usimimine: tone moja kila reli, kitambaa chenye mafuta juu ya chuma cha nje, tundu la pini ya kufyatulia libaki kavu.

Bastola isilale ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia. Kwenye sefu weka vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, lakini si vile vilivyookotwa kwenye boksi la viatu. Hivyo kwa kawaida vimeshashiba unyevu kabla hujavifikia.