Kilwa Masoko siku nne na mama na watoto: gesti, boti, chakula na habari ya maji kupwa na kujaa

Nimerudi kutoka Kilwa juzi tu na nimeona niandike kabla sijasahau, maana mi mwenyewe nilipokuwa natafuta habari za huko nilikuta picha za magofu basi, hakuna anayekwambia ulale wapi, boti inakuwaje, na ukiwa na mtu mzima anayeumwa magoti unafanyaje. Tulikuwa wanne, mimi, mama yangu ana miaka 67, na wanangu wawili, mmoja darasa la pili mwingine la tano. Tumekaa siku nne, mwezi wa kumi. Kila mtu aliniuliza kwa nini siendi Zanzibar, na kweli Zanzibar pazuri, ila nilitaka watoto waone pwani ambayo bado ni ya wenyewe, wavuvi wanatoka alfajiri wanarudi na samaki wao, watu wanaongea Kiswahili na wewe sio wanakuuzia vitu tu. Hilo nimelipata. Ila kuna mambo mawili matatu tulikwama kwa sababu hatukuambiwa, ndo hayo nataka nyie muyajue.

Njia kwanza. Mabasi ya kusini yanapatikana Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, ni kama kilomita 300 na lami yote, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, na mama hapo alianza kutuhadithia majirani zetu wa kusini walivyokuwa wanakwama kwenye pantoni siku za masika kabla daraja halijafunguliwa 2003. Mkifika Somanga madirisha yanajaa wauza samaki, nunueni, kamba wa kukaanga na mihogo, watoto wangu walikula mpaka nikawa na wasiwasi na matumbo yao na hawakupata chochote. Basi zinazokwenda moja kwa moja Masoko zipo, usipoipata panda ya Lindi au Mtwara ushuke Nangurukuru, pale kuna magari madogo na bajaji za kuingia Masoko muda wote wa mchana. Usiku sikushauri kama una mizigo na watoto. Na masika usiende kabisa jamani, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ilikatika hukohuko Somanga na magari yakakwama huku na huku.

Sasa gesti. Nilikuwa nimelipia advansi kwa simu sehemu moja karibu na bahari, sitaitaja, tumefika saa kumi jioni tumechoka naambiwa chumba amepewa mtu mwingine maana "hamkupiga simu asubuhi". Hakuna aliyeniambia nipige simu asubuhi. Hela walirudisha baada ya mabishano, mama amekaa kwenye begi nje na jua lile. Roho iliniuma sana, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya yule mama. Kwa hiyo ushauri wangu, Masoko gesti ni nyingi, fika mapema, angalia chumba kwa macho, fungua bomba uone maji yanatoka, washa feni, angalia neti kama haina matundu (mbu wapo wa kutosha), ndipo utoe hela.

Dereva bajaji ndo alituokoa, akatupeleka gesti nyingine mitaa ya nyuma, kama dakika kumi kwa mguu kutoka pwani ya Jimbizi. Vyumba viwili, kila kimoja 35,000 na chai ya asubuhi ndani yake. Chai yenyewe ni chai kweli, maandazi ya moto, mbaazi za nazi, siku nyingine chapati na maharage, sio ile ya mkate mkavu na siagi ya kopo. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, tulipofika tu akamwamkia mama shikamoo, akamletea beseni la maji ya moto na chumvi aweke miguu bila kuombwa. Kitu kama hicho mi siwezi kukisahau. Mabaya yake: maji ya bomba yalikatika siku moja nzima tukaogea ndoo, waifai hakuna, na msikiti uko jirani kwa hiyo kama una usingizi mwepesi utaamka na adhana ya alfajiri, sisi ilitufaa maana boti ni za alfajiri. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Boti na magofu ndo kiini cha safari, hapa nitaongea zaidi. Pale stendi kuna vijana watakufuata na bei ya jumla, "kila kitu ndani". Tulikubali ya kwanza, kumbe kibali hakimo. Usifanye hivyo. Nenda mwenyewe ofisi inayosimamia magofu pale Masoko, sasa hivi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, lipa kiingilio chako cha mwananchi upewe risiti, ni hela ndogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, hapo hapo unapatiwa mtembezaji anayejua kazi yake, halafu boti mnapatana. Sisi siku ya pili tulifanya hivyo na tukaokoa karibu nusu ya bei ya yule kijana.

Mtembezaji tuliyepewa ni mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenyewe cha magofu, na ningempa nyota sita zingekuwepo. Kutoka gati la Masoko mpaka Kisiwani ni karibu tu, unakiona kisiwa mbele yako, mnapanda mashua ya tanga na kama upepo upo hamna haja ya injini. Mwambieni nahodha mapema kwamba mnataka tanga. Watoto wangu hawajawahi kukaa kimya namna ile, tanga likishika upepo unasikia maji tu yanapita ubavuni. Laifu jaketi ulizia kabla hujalipa, siyo ukiwa umeshapanda, na za watoto zihakikishe kwa kuwavalisha.

Mnashukia mbele ya Gereza, ile ngome ya ufukweni, Wareno walijenga walipouteka mji 1505 na baadaye watu wa Oman wakaijenga upya. Halafu Msikiti Mkuu. Jamani. Nimesoma Kilwa toka shule ya msingi, dhahabu ya Sofala, sarafu zao wenyewe, Ibn Battuta alifika 1331 akausifu, yote nilikariri nikafanya mtihani nikapita, lakini kusimama chini ya zile kuba zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa ni kitu kingine kabisa. Mama aliuliza wapi walikuwa wanatawadhia, yule mtembezaji akampeleka kwenye kisima na birika, akamwonyesha mawe ya kusugulia miguu, mama akakaa pale muda mrefu anaomba dua na hakuna aliyemharakisha. Mtembezaji ambaye anajua wakati wa kunyamaza ni adimu.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya mwamba unaotazama bahari, ni jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, yule waliyemwita Abul Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Lina vyumba zaidi ya mia na birika la kuogelea la pembe nane, na wanangu walizihesabu pembe zote mara mbili. Kwa mtu wa magoti mwendo ni mrefu na jua kali, muulizeni nahodha awazungushe kwa mashua mpaka chini yake halafu mpande taratibu, sisi hatukujua tukatembea na mama akabaki chini ya mwembe kijijini na akina mama wa pale wakampa dafu. Kisiwani watu wanaishi, ni kijiji, kwa hiyo vaeni nguo za heshima, khanga au kikoi juu ya nguo ya kuogelea, salimieni, na msipige watu picha bila kuomba.

Sasa habari ya maji, someni hapa kwa makini. Sisi tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu, yaani bamvua lenyewe. Siku za bamvua bahari inajaa alfajiri na alasiri, ila saa nne saa tano asubuhi inakupwa mbali mno. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, tulikwenda na boti ya injini, siyo ya yule mtembezaji mzuri, ni ya mtu mwingine, tukatoka saa tatu maana alichelewa, tukafika maji hayapo, ikabidi kushuka na kukanyaga tope la mikoko mpaka magotini. Mama hakuweza. Alibaki kwenye boti juani saa nzima na zaidi huku sisi tunaangalia nyumba za mawe zenye vidaka ukutani, na sikuzifurahia hata kidogo kwa kumfikiria yeye. Nahodha alijua kabisa maji yatakuwa yamekupwa, alitakiwa aseme. Kwa hiyo ukitaka Songo Mnara na mtu mzima au mtoto mdogo, ama uende siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maana siku hizo yanajaa katikati ya asubuhi, ama kama ni bamvua utoke na adhana. Na ukitaka kuogelea tu Jimbizi, bamvua ndo zuri, kuanzia saa tisa mpaka jua linazama maji yako hadi kwenye mchanga mweupe, masafi. Tazama kalenda ya mwezi kabla hujaomba likizo kazini, ndo muhimu kuliko bei ya gesti.

Majira nayo, tuliwahi tangambili, kusi limeshaisha na kaskazi haijaanza, bahari imetulia. Juni mpaka Agosti kusi linapiga, wenyeji wanasema mashua zinapita lakini utalowa na watoto watatapika. Na bebeni yeboyebo, maji yakikupwa kuna vile vidudu vyeusi vya miiba kwenye mawe, mwanangu mkubwa alinusurika kidogo.

Chakula. Karibu na soko kuna mama lishe kadhaa, tulihamia kwa mmoja siku zote nne. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, mchicha, pilipili ya ndimu pembeni. Pweza wa nazi wake ni laini unakatika kwa kijiko, nilimuuliza siri akasema anampiga vizuri halafu anamchemsha na maji yake mwenyewe bila kuongeza, nazi mwisho. Mama ni mtu wa Tanga, hasifii chakula cha watu ovyo, alikula akaomba aongezwe. Ila agizeni mapema, ukitaka pweza wa jioni sema asubuhi atume mtu kwa wavuvi, ukija saa moja usiku bila kusema utakuta ugali na dagaa. Kwenye hoteli za pwani chakula ni bei mara tatu nne na tulisubiri saa nzima na nusu kwa chipsi na samaki, sikuona sababu.

Kilwa Kivinje tulikwenda nusu siku kwa bajaji, mji wa zamani unaoanguka taratibu, boma la Wajerumani, milango ya kuchonga, na kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji walionyongwa pale. Sikupanga kuwaeleza watoto mambo ya kunyonga watu ila waliuliza nikawaeleza.

Keshi bebeni ndogondogo, Masoko benki na mawakala wapo, Kisiwani usitegemee chenji. Tiketi ya kurudi kateni jioni ya siku inayotangulia, basi letu liliondoka kabla hakujakucha, yule mama wa gesti aliamka saa tisa usiku akatufungia maandazi na korosho za kukaanga kwenye gazeti na akakataa hela ya korosho, akasema ni za bibi, za njiani.