NORMLEX kwa mwakilishi wa chama kazini: ina mengi, ila lazima ujue pa kuanzia

NORMLEX ni hazina ya mtandaoni ya mikataba na viwango vya kazi vya Shirika la Kazi Duniani (ILO), bure na bila kujisajili. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyeanza kuandikiwa barua za onyo huingia humo kutafuta kinga yake imeandikwa wapi. Jibu limo, lakini limetawanyika, na wengi huishia kwenye Mkataba Na. 135 wa 1971, unaohusu wawakilishi wa wafanyakazi.

Mkataba huo ni mfupi mno. Ibara ya 1 inamkinga mwakilishi dhidi ya kitendo chochote cha kumdhuru, kuachishwa kazi kukiwamo, kwa sababu ya wadhifa wake au shughuli za chama. Usiishie hapo: kinga yenyewe inasimama maadamu anafuata sheria, mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri) au utaratibu mwingine uliokubaliwa na pande zote mbili. Mwajiri mjanja hupenyea hapohapo. Haandiki kwamba umefukuzwa kwa ajili ya chama, anaandika utoro. Ukitoka kwenda kumtetea mwenzako bila ruhusa ya msimamizi, umempa sababu. Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye tarehe.

Kilicho na manufaa zaidi ni Pendekezo Na. 143 la mwaka huohuo, ambalo wengi hawalifungui. Aya ya 6 inataja hatua zenyewe: sababu za kuachisha kazi zifafanuliwe wazi, chombo huru au cha pande mbili kishauriwe, kitoe maoni au kikubali kabla uamuzi haujawa wa mwisho, aliyefukuzwa kwa uonevu aweze kurejeshwa kazini na kulipwa mishahara aliyokosa, mzigo wa kuthibitisha umwangukie mwajiri, na wakati wa kupunguza wafanyakazi, mwakilishi apewe kipaumbele cha kubaki. Aya ya 7 inawafikia hata wagombea, na hili ni muhimu kwa sababu mgombea anaweza kuondolewa kabla kura hazijapigwa. Aya ya 10 inasema muda wa shughuli za uwakilishi usikatwe mshahara, na ruhusa ya msimamizi isinyimwe bila sababu ya msingi.

Pendekezo haliridhiwi na nchi, kwa hiyo peke yake halimfungi mwajiri. Lakini Ibara ya 6 ya Mkataba inaruhusu utekelezaji kupitia makubaliano ya pamoja. Chukueni aya hizo, mziingize kwenye rasimu ya mkataba wa hali bora.

Kwenye tovuti, achana na kisanduku cha kutafutia, kinarundika matokeo. Fungua ukurasa wa nchi, angalia kama imeridhia Mikataba Na. 87 (uhuru wa kujumuika), 98 (haki ya kujiunga na majadiliano ya pamoja), 135 na 158 (kuachishwa kazi). Kisha soma maoni ya Kamati ya Wataalamu ya ILO, inayochunguza jinsi nchi zinavyotekeleza mikataba, kuhusu nchi hiyo, maana ndiyo yanayofichua mapengo ya sheria. Mwisho, pitia maamuzi ya Kamati ya Uhuru wa Kujumuika, iliyoanzishwa 1951. Hii hupokea malalamiko hata dhidi ya nchi isiyoridhia, ila lazima yaletwe na chama, si mtu binafsi. Imeshasema kwamba kukataa kuongeza mkataba wa ajira wa muda maalumu kwa sababu za kichama ni kitendo cha kumdhuru mfanyakazi. Imesema pia kwamba kinga haitoshi iwapo mwajiri anaweza kumfukuza mtu kwa uanachama wake mradi tu alipe fidia. Hoja hizi mbili hazimo kwa uwazi huo katika matini ya mikataba.

Kasoro zipo. Lugha kuu ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Sheria za nchi ziko kwenye hazina nyingine, NATLEX. Wala usitarajie NORMLEX ikupe tarehe ya mwisho ya kufungua shauri la kuachishwa kazi: muda huo uko kwenye sheria ya nchi yako, pengine ni mfupi, na ukipita hata hoja nzuri hazisikilizwi. Uulize kwanza ofisi ya chama, ndipo ufungue kompyuta.