Pedeli ya mafuta inayonata: nilianza na dawa ya kopo, nikaishia kwenye kebo

Gari langu ni la miaka mingi, gia otomatiki, na pedeli yake ya mafuta bado inavuta throto, yaani mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, kwa kebo ya chuma. Natanguliza hilo kwa sababu karibu yote nitakayoeleza yanalitegemea. Kama gari lako ni la kisasa, pedeli yake haina kebo bali sensa inayopeleka taarifa kwa umeme, basi habari ya kebo haikuhusu. Habari ya kapeti na ya kusimamisha gari inakuhusu kama inavyonihusu mimi.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Asubuhi nikiondoka, pedeli ilikuwa ngumu pale mwanzo kabisa, kama imepakwa gundi. Nakanyaga taratibu, haiendi. Naongeza nguvu, inaachia kwa mpigo mmoja na gari linaruka mbele. Ikishapita hapo inakuwa laini. Kwenye foleni ilinitesa sana, maana nilihitaji kusogea hatua mbili na gari linataka kwenda hatua tano. Nilivumilia kama miezi miwili nikidhani ni uchakavu wa kawaida. Nilikosea, na ningekuwa na abiria mgonjwa au mtoto mbele ya gari ningelijua kosa hilo kwa uchungu.

Nikanunua dawa ya kupuliza ya kusafishia throto. Nilichukua iliyoandikwa wazi kuwa ni ya throto, nikaiacha ya kabureta ingawa muuzaji alisema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ya kabureta kwa kawaida ni kali zaidi, na throto nyingi zimepakwa utando mwembamba kiwandani ambao dawa kali inaweza kuuondoa.

Kazi yenyewe ilinichukua kama saa moja, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Nililegeza bomba la hewa linalotoka kwenye eya klina, na kile kisahani kinachofunguka na kufunga njia ya hewa kikaonekana. Mafundi wengine hukiita kipepeo. Ukingoni mwake palikuwa na ukanda mweusi wa masizi yenye mafuta. Uchafu huo hutoka kwenye injini yenyewe: mvuke wa oili unaokusanyika ndani yake hurudishwa kwenye njia ya hewa ili ukachomwe, na kidogo kidogo huganda pale kipepeo kinapokaa kikiwa kimefunga. Ndiyo sababu ugumu ulikuwa mwanzoni tu. Kipepeo kilikuwa kimegandia kwenye masizi hayo, kikishabanduka kinakwenda chenyewe.

Sikuipulizia dawa ovyo. Nililowesha kitambaa, nikatumia mswaki laini kwenye kingo, na nikajitahidi dawa isichuruzike kwenye sensa iliyo ubavuni. Kwa throto ya kebo unaweza kukifungua kipepeo kwa mkono ukakisafisha na upande wa nyuma. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole, kwa sababu ndani ina mota na meno madogo yanayoweza kuharibika, na baada ya kusafishwa gari huenda likahitaji kujifunza upya silensa, yaani mzunguko wa injini pedeli ikiwa haijakanyagwa. Sensa ya hewa iliyo karibu na eya klina isiguswe kabisa na dawa hii. Nilipowasha, injini ilikohoa kidogo, silensa ikapanda kwa dakika chache, kisha ikatulia. Pedeli ikawa laini kuliko nilivyowahi kuifahamu. Kwa kazi iliyotengenezewa, dawa hiyo naisifu bila kusita.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nateremka mlima. Nilikuwa nimetoka kulipita lori, nikaondoa mguu, na pedeli ikabaki chini. Injini ikaendelea na resi ileile. Kwa sekunde moja hivi sikuelewa kinachotokea. Nilitazama chini, na nisingepaswa kutazama chini.

Nilichofanya baada ya hapo nakieleza kirefu, maana ndicho ningependa kila dereva awe nacho kichwani kabla hajakihitaji. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote na sikuiachia. Nikasogeza gia kwenye N. Injini ikapiga kelele ya kutisha, lakini magurudumu hayakuwa yakisukumwa tena, na gari likaanza kunitii. Nikaingia pembeni, nikasimama, nikavuta hendibreki, ndipo nikazima injini. Mguu wa breki usiupampu. Kwenye magari mengi ya petroli, breki husaidiwa na mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini, na throto ikibaki wazi mvuto huo hupungua sana. Akiba iliyopo inatosha mikanyago michache tu, kila ukiachia na kukanyaga tena unaimaliza, na pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Wala usikimbilie kuzungusha ufunguo mpaka mwisho gari likiwa kwenye mwendo, usukani unaweza kujifunga. Kelele ya injini kwenye N isikutishe. Injini inaweza kutengenezwa.

Gari nililivutisha mpaka kwa fundi. Nilifika na jibu langu mkononi: nikamwambia dawa imeisha nguvu, throto isafishwe tena. Alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Inakataa kwenda, au inakataa kurudi?" Nikamwambia safari hii imekataa kurudi. "Basi hayo ni magonjwa mawili, ndugu yangu."

Kipimo chake kilichukua dakika tano na hakikuhitaji mashine yoyote. Alichomoa kebo upande wa throto, kisha akafungua kipepeo kwa mkono na kuachia. Kikarudi kwa mlio mkali, tena na tena. Sipringi ilikuwa nzima na usafi wangu ulikuwa sawa. Halafu akaishika ncha ya kebo akaivuta na kuiachia huku mimi nikiangalia pedeli. Ilikwenda kwa kukwaruza, na mara ya nne ikakwama. Alipoichomoa upande wa pedeli tukaona nyuzi tatu za chuma zimekatika na kujikunja kama ndoano, zinashika mdomo wa ganda la plastiki. Kuna uwezekano mkubwa nilizimaliza mwenyewe kwa miezi miwili ya kuilazimisha pedeli iliyoganda.

Nilipendekeza tuipake mafuta kwanza. Alikataa, na nashukuru alikataa: uzi uliokatika haurudi kwa mafuta, na grisi nzito ndani ya ganda hukusanya vumbi. Kuhusu kebo iliyotumika pia alisema hapana, kwa kuwa huoni ndani yake. Tukafunga mpya ya aina ileile, urefu uleule na vichwa vilevile. Aliipitisha mbali na bomba la moshi na bila kona kali, na hapo niliona tofauti na ya zamani, ambayo ilikuwa imebanwa na waya wa betri mpaka ikapinda.

Kabla ya kufunga alitoa pia kapeti langu la dereva. Nilikuwa nimeweka jingine nene juu ya lile la asili, na lilikuwa linateleza mbele mpaka ukingo wake unagusa pedeli. Si jambo dogo hata kidogo. Mwaka 2009 Toyota iliita mamilioni ya magari nchini Marekani yarudishwe kurekebishwa kwa sababu kapeti lingeweza kuinasa pedeli ya mafuta, na Januari 2010 ikaita magari yapatayo milioni 2.3 kwa kasoro nyingine kabisa, ya pedeli zenyewe kunata. Sasa ninalo kapeti moja tu, limeshikwa na kulabu zake sakafuni.

Lalamiko langu kwa fundi ni moja. Kebo aliikaza mno. Siku ya kwanza silensa ilikuwa juu, na gari likawa linajivuta lenyewe nikiachia breki, zaidi ya kawaida. Nilirudi kesho yake, akailegeza mpaka ikabaki na ulegevu wa milimita chache, silensa ikashuka. Hakubishana wala hakudai malipo ya ziada, lakini alipaswa kuliona kabla sijaondoka. Ukibadilisha kebo, usitoke gereji kabla hujasikiliza silensa injini ikiwa na joto, na mtu mwingine akanyage pedeli mpaka mwisho huku wewe unaangalia kama kipepeo kinafunguka chote na kurudi chote.

Miezi minane imepita. Pedeli inarudi bila kusita asubuhi na mchana wa jua kali, gari likiwa tupu au limejaa. Kila nikibadilisha oili nafungua boneti naiangalia kebo pale inapoingia kwenye ganda, ninaivuta na kuiachia mara tano sita. Dawa imebaki kama nusu kopo. Nitaitumia tena siku nitakaposikia ule ugumu wa asubuhi, ila nitaanza kwa kuchomoa kebo.