Nikon P1100 na Canon SX50 HS: mwenye SX50 nzima abadilishe?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna kamera mbili. Kulia ni Nikon Coolpix P1100, iliyotangazwa Februari 2025 kwa bei ya karibu dola 1,100 za Marekani. Kushoto ni Canon PowerShot SX50 HS ya mwaka 2012, iliyotoka kwa dola 480 hivi, na wapenzi wa ndege wengi hawataki kuiachia mpaka leo. Swali ni moja: mwenye SX50 nzima aiuze, aongezee hela, achukue P1100?

Nikon inajitangaza kwa 125x, Canon kwa 50x. Namba hizo zinakwambia tu lenzi inavuta mara ngapi kuanzia upande wake mpana. Kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, zote zinaanzia milimita 24. Canon inaishia 1200 na Nikon inaishia 3000. Mtu akisikia hivyo anapiga hesabu ya haraka kwamba Nikon itamwonesha mara mbili na nusu zaidi. Hesabu hiyo si sahihi, na sababu yake inaonekana kwa macho.

Nazivuta lenzi zote mpaka mwisho. Angalieni vioo vya mbele. SX50 ikivutwa yote ina milimita 215 halisi (ile 1200 ni ya kulinganisha na filamu tu), na tundu lake la mwanga ni f/6.5. Gawanya 215 kwa 6.5, unapata milimita 33. P1100 ina milimita 539 halisi kwa f/8. Gawanya, unapata 67. Huo ndio upana wa mlango ambao mwanga unapitia. Mlango wa Nikon ni mpana mara mbili, na eneo lake ni mara nne. Ndicho unacholipia hapa, kuliko hiyo namba 125.

Chukulia mdiria, yule mdogo wa bluu mwenye mdomo mwekundu, ametua kwenye tete mita 30 mbele yako. Urefu wake ni kama sentimita 13. Kwa SX50 ataenea kwenye pikseli 600 hivi. Kwa P1100 ataenea kwenye pikseli 1,740 hivi, karibu mara tatu. Lakini mwanga ukipita kwenye tundu lolote hutawanyika kidogo, kwa hiyo kila nukta ya manyoya inafika kwenye kihisi, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, ikiwa kiduara kidogo. Kwa f/8 kiduara hicho kina kipenyo cha kama maikromita (elfu za milimita) 10.7, wakati pikseli moja ya Nikon ina 1.34 tu. Nukta moja inafunika pikseli nane kwa upana! Kwenye Canon ni kama sita. Ukikata na kujumlisha, undani wa kweli kwenye yule mdiria ni mara mbili ya SX50, sawasawa na upana wa ule mlango. Mara mbili si kidogo. Mistari myeusi ya kishungi chake inahesabika kwenye Nikon. Kwenye Canon unaiona ipo, ila huwezi kuihesabu. Msishangae tu mkikuza picha ya P1100 mpaka asilimia 100 mkaikuta laini kama imepakwa mafuta. Lenzi si mbovu. Ipunguzeni hadi nusu ya ukubwa, pikseli 2304 kwa 1728, itakaza vizuri na hamtapoteza unyoya hata mmoja.

Hayo yote ni kwa hewa iliyotulia, na hewa ndiyo inayowaangusha wengi wanaonunua kamera hii. Jua likishapanda, ardhi inapasha hewa, hewa ya moto inapanda kwa mawimbi, na lenzi ndefu inayakuza mawimbi hayo pamoja na ndege. Nenda Mida Creek, Watamu, pwani ya Kenya, maji yakishakupwa. Mchanga uko wazi, na wale ndege weupe kwa weusi wanaokula kaa, Dromas ardeola, wako mita 200 mbali. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, P1100 itakupa picha ambayo SX50 haiwezi kuifikia. Saa sita mchana, mazigazi yakicheza juu ya mchanga, mlango wa milimita 67 haukusaidii kitu. Picha za kamera zote mbili zitakuwa uji, tena uji wa Nikon utakuwa mkubwa zaidi.

Utajuaje kama tatizo ni hewa, fokasi au mkono? Piga picha 10 za kitu kilichotulia, bila kugusa zumu, kisha zipitie moja moja. Ukingo wa ndege ukipinda tofauti kwenye kila picha, hiyo ni hewa: sogea karibu au rudi kesho asubuhi. Picha zote zikiwa laini kwa namna moja huku majani ya nyuma au ya mbele yamekaza, fokasi imeshika pengine. Ukiona michirizi inayoelekea upande mmoja, ni mtikisiko. Watu wengi wanarudisha kamera dukani kwa kosa la hewa.

Upande wa mtikisiko, uzito una maana mbili. SX50 na betri yake ni gramu 595. P1100 ni gramu 1,410, na lenzi ikitoka uzito wote unakimbilia mbele. Kuibeba shingoni tangu alfajiri hadi adhuhuri ni kazi. Itafutie mkanda wa begani. Kwenye stendi, elekeza mguu mmoja kule lenzi inakoangalia ili isipige mwereka. Kwenye gari la safari, shona mfuko wa turubai, ujaze kilo 2 za maharage au mchele, uuweke dirishani, ulaze lenzi juu yake. Na mwambie dereva azime injini. Mtetemo wa injini ya dizeli kwenye milimita 3000 hauzuiwi na kitulizaji chochote cha mtikisiko ndani ya kamera.

Mipangilio ya kuanzia kwa P1100 kwenye ndege aliyetulia: modi S (unachagua shata mwenyewe), shata 1/500 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, isipite 800. Ukiwa kwenye stendi imara, zima kitulizaji, weka kujipiga kwa sekunde 2, na unaweza kushuka hadi 1/125. Juu ya ISO 800 kihisi kidogo namna hii kinaanza kula manyoya. Chembechembe zinafutwa na programu ya kamera, na undani unafutwa nazo. SX50 ina kihisi cha ukubwa uleule wa inchi 1/2.3, kwa hiyo sheria ni hiyohiyo. Zote mbili zinahifadhi RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, na kwa ndege wa kivulini ni bora uitumie, halafu upunguze chembechembe mwenyewe kwenye kompyuta.

Kumpata ndege ni shughuli nyingine. Kwa 3000, umbali wa mita 100, fremu yako ina upana wa mita 1 na sentimita 15 tu. Ndege akiruka tawi moja, humwoni. Kamera zote mbili zina dawa, kitufe ubavuni mwa lenzi, upande wa kushoto: ukikishikilia, zumu inarudi nyuma upate kumtafuta, ukikiachia, inarudi ilikokuwa. Wenye SX50 wanajua jinsi kitufe hicho kilivyo kitamu, na cha Nikon kinafanya kazi hiyohiyo. Mazoea mazuri ni kumlenga kwanza kwa milimita 200 au 300, kumweka katikati kabisa, ndipo uvute. Anayevuta kwanza na kutafuta baadaye huishia kupiga picha za mawingu.

Kitazamio, kile kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, hakina mjadala. SX50 ina nukta 202,000. Ni kama kuchungulia kupitia kitundu cha mlango, kinafaa kulenga tu. P1100 ina nukta milioni 2.36, na unaona kabisa jicho la ndege limekaza au halijakaza. Kwa mtu mwenye miwani hii peke yake inaweza kuwa sababu ya kubadilisha. Kwenye vichaka, modi ya kupiga picha za ndege ya P1100 inakuruhusu kuchagua ukubwa wa kisanduku cha fokasi. Weka kidogo kabisa, ukiweke juu ya jicho. Kwenye SX50 chagua FlexiZone, fokasi ambayo kisanduku chake unakisogeza mwenyewe, na uweke kisanduku kidogo.

Kwa picha za mfululizo, P1100 inapiga picha 7 kwa sekunde na inakoma kwenye ya saba, kwa hiyo una sekunde moja tu. Usibonyeze ndege akiwa bado anajikuna. Subiri ainame kutaka kuruka. SX50 kwa kawaida inapiga 2 hivi kwa sekunde, lakini kwenye modi za SCN kuna ya kasi inayotoa picha 10 kwa kasi ya 13 kwa sekunde, JPEG peke yake. Wamiliki wengi wa SX50 hawajawahi kuifungua.

Sasa pale mzee anapomshinda kijana. Kwa zumu yote, P1100 haishiki fokasi karibu zaidi ya mita 7. SX50 inashika mpaka mita 1.3. Kereng'ende kwenye nyasi, kinyonga kwenye ua, kipepeo kwenye asmini: simama hatua mbili nyuma, vuta yote, piga. Kwa P1100 inabidi urudi nyuma mita 7, na ndani ya mita hizo nyasi zitaingia mbele ya lenzi, au ukuta wa nyumba utakuzuia. Ukifika hizo mita 7 ukaona kweupe, picha itakuwa nzuri sana, fremu nzima ina upana wa sentimita 8. Ila mara nyingi hutaona kweupe.

Mwezi, kwa kifupi. SX50 inakupa mwezi unaojaza kama asilimia 43 ya kimo cha fremu. Kwa P1100 kwenye 3000 mwezi mpevu unatoka nje ya fremu. Rudisha hadi 2600 hivi uenee. Tumia M, modi ya kupanga kila kitu mwenyewe: f/8, 1/200, ISO 100 kwa Nikon, f/6.5, 1/250, ISO 80 kwa Canon. Mwezi wa nusu unapendeza kuliko mpevu, kwa sababu vivuli vinaonesha mashimo. Uupe mwanga zaidi, karibu 1/60. Kumbuka unatembea upana wake wote ndani ya dakika 2 hivi, kwa hiyo ukimaliza kulenga usikae.

Betri ya P1100, EN-EL20a, inakupa picha 250 hivi; ya SX50, NB-10L, kama 315. Kwa siku nzima ya mbugani, P1100 inahitaji betri mbili zaidi ya ile ya kwenye boksi. Inachajiwa kwa USB-C, hata pawabenki inatosha, na hilo ni raha kambini. Ya SX50 lazima uitoe na kuiweka kwenye chaja yake. SX50 yenyewe haina Wi-Fi, kwa hiyo tembea na kisomea kadi cha kuchomeka kwenye simu.

Wenye P1000 ya 2018, iliyoitangulia P1100: lenzi na kihisi ni vilevile. Kikubwa kilichoongezwa ni USB-C na ile fokasi ya modi ya kupiga ndege. Kaeni na kamera zenu.

Kwa mwenye SX50, ushauri wetu uko wazi. Ukipiga kutoka mahali pamoja, asubuhi, kwenye stendi, ndege wakiwa mbali ng'ambo ya maji, nunua P1100. Ukitembea porini kwa miguu na kupiga chochote kinachotokea, baki na SX50. Na hata ukinunua mpya usiiuze ya zamani, kwa sababu ya zile mita 1.3.

Wanaotafuta SX50 iliyokwishatumika, fanyeni hivi mbele ya muuzaji. Washa, vuta zumu polepole mpaka mwisho na kuirudisha mara tano, sikio likiwa karibu. Sauti iwe moja tu. Mkwaruzo ni mchanga ndani ya lenzi, na siku moja itagoma kurudi ndani. Fungua na kukunja kioo cha nyuma cha kuonea picha, uangalie kama picha inakatika kwenye pembe yoyote. Toa betri, ilaze mezani: ikizunguka kama pia, imevimba. Mwisho weka Av (modi ya kuchagua tundu), f/8, piga anga tupu kwa zumu yote, kuza picha hiyo, uitembeze kona hadi kona. Madoa ya kijivu yasiyohama ni vumbi juu ya kihisi, na kulitoa ni lazima kamera ifunguliwe yote.